Buck O'Neil, Kocha Aliyenyimwa Uwanja

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za John O'Neil, ambaye watu wote walimwita Buck. Alizaliwa mwaka 1911 huko Florida, kusini mwa Marekani, na utotoni alifanya kibarua katika mashamba ya mboga. Mji wao wa Sarasota ulikuwa na shule ya sekondari, lakini Buck hakuruhusiwa kusoma hapo kwa sababu alikuwa mweusi.

Katika besiboli mambo yalikuwa hayohayo. Weusi walikataliwa ligi kuu, basi wakaunda ligi zao. Timu iliyovuma humo ni Kansas City Monarchs, na Buck alijiunga nayo mwaka 1938. Alicheza besi ya kwanza, mahali ambapo mpira hurushwa kwa kasi ili umuwahi mpigaji anayekimbia.

Mwaka 1948 akafanywa meneja, huku bado anacheza. Hebu fikirini: jana mlikuwa mkitaniana kwenye basi, leo wewe ndiye unayemwambia rafiki yako akae benchi. Na lilikuwepo gumu zaidi. Mwaka mmoja nyuma, Jackie Robinson, aliyewahi kuichezea Monarchs, alikuwa ameingia ligi kuu. Mlango umefunguka, timu kubwa zinakuja kuchukua vijana. Kila Buck alipomnoa mchezaji hadi akaiva, alimpoteza. Elston Howard akaenda New York Yankees. Ernie Banks akauzwa kwa Chicago Cubs mwaka 1953, na huko akapata houmurani 512, yaani mipigo inayomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote na kurudi alikoanzia. Buck hakuwazuia. Aliwafundisha akijua wataondoka, na hapo ndipo ninapompenda mtu huyu.

Baadaye Cubs walimwajiri awatafutie vipaji, naye akawaletea Lou Brock. Mwaka 1962 wakampa ukocha. Hakuna mweusi aliyewahi kuwa kocha ligi kuu kabla yake.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe ilivyo. Timu inapopiga, kocha mmoja husimama karibu na besi ya tatu. Mchezaji anayekimbia ameupa mpira mgongo, haoni ulipo, kwa hiyo kocha ndiye macho yake: akizungusha mkono, kimbia, akiinua viganja, simama. Buck aliijua kazi hiyo kama njia ya kwenda kwao. Lakini msimu mzima hakupangwa pale hata mara moja! Cubs hawakuwa na meneja mmoja wakati huo, makocha walipokezana uongozi, na Buck akarukwa katika zamu hizo pia. Alisimulia mwenyewe kwamba siku moja nafasi ilibaki wazi, akangoja aitwe, ila akaitwa kocha wa warushaji kutoka pembeni kabisa. Mwaka huo Cubs walipoteza mechi 103, na mtu aliyeongoza Monarchs kwa miaka yote ile amekaa benchi.

Alirudi kuzunguka akitafuta vipaji. Brock alipostaafu mwaka 1979 alikuwa ameiba besi 938, yaani kuikimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe, na hakuna aliyekuwa amefikia idadi hiyo. Buck alifariki mwaka 2006, akiwa na miaka 94. Jumba la Mashujaa wa besiboli, kule Cooperstown, lilimwingiza mwaka 2022. Walichelewa mno, wanangu, kwa sababu alistahili kuuona mwenyewe ule umati ukimshangilia.