Kifungo cha Nje Bado ni Kifungo

Bila shaka umesikia watu wakisema, "Fulani kaachiwa mahakamani, kapewa kifungo cha nje." Wengi husikia neno "nje" wakadhani kesi imekwisha. Haijaisha.

Mimi ni bwana shamba, si hakimu. Lakini wakulima wakinikuta shambani huniuliza kila kitu, na hili pia.

Chukua mfano wa kijana wa Tunduma aliyeiba magunia 2 ya mahindi. Ni kosa lake la kwanza, naye amekiri. Afisa probesheni anachunguza maisha yake na kumpelekea hakimu taarifa. Hakimu anaamua asimfunge. Anamweka chini ya uangalizi kwa mwaka 1. Kwa sheria, uangalizi hauzidi miaka 3. Kwanza anamweleza masharti kwa lugha rahisi na kumwuliza kama anakubali. Aripoti kwa afisa siku alizopangiwa. Asitende kosa jingine. Asihame bila kumwarifu afisa.

Kijana anakubali. Mvua zinanyesha, anakwenda Kamsamba kulima mpunga. Mpunga unatoa masuke, ndege wanashuka, naye hathubutu kuacha shamba. Hapo namwelewa kabisa, maana kwelea kwelea hawamngoji mtu. Siku ya kuripoti inapita. Ya pili inapita. Afisa anamwuliza mwenyekiti wa mtaa, anaambiwa kijana hayupo. Anaiarifu mahakama. Mahakama inatoa hati ya kumwita, au ya kumkamata.

Mbele ya hakimu atapewa nafasi ya kujieleza. Ikithibitika amevunja masharti, hakimu anaweza kumtoza faini na kuacha uangalizi uendelee. Au anaweza kumhukumu kwa kosa lile la kwanza, yaani magunia 2 ya mahindi. Hapa ndipo wengi hushtuka. Kosa halikufutwa, adhabu yake ilikuwa inangoja. Kwa wizi, Kanuni ya Adhabu inaruhusu kifungo cha hadi miaka 7. Na kama huko Kamsamba ameiba tena, atajibu kesi mpya na ya zamani itafufuka.

Sisi wa mpakani tuna hatari yetu. Kwenda Nakonde ni kama kwenda kwa jirani kuomba moto. Lakini Nakonde ni Zambia. Ukihamia huko kimyakimya kufanya biashara, afisa hakuoni, na mahakama itakuhesabu umetoroka.

Basi, kama wewe au mwanao yuko chini ya uangalizi, mwambieni afisa kabla ya kuondoka, si baada ya kutafutwa. Akihamia mbali, mahakama inaweza kubadili amri aripoti huko. Akiugua, atunze karatasi ya zahanati. Akipata msiba, aombe barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri. Na kuhusu ndege, apatane na jirani wa shamba. Siku ya kuripoti jirani amfukuzie ndege, kesho yake naye amfukuzie jirani.