Paka Mwenye Kansa ya Damu: Nani Atampokea?



Katika ukurasa wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuharisha kwa watoto na maji safi. Mwezi huu tunamzungumzia paka. Msicheke. Katika nyumba nyingi za Tabora paka ndiye mlinzi wa mahindi, mpunga na karanga. Hulala jikoni, na watoto humshika kutwa nzima. Afya yake inaigusa familia yote.

Tuchukue mfano. Mtoto anarudi kutoka sokoni amembeba paka aliyekonda, aliyemwokota chini ya meza za wauza dagaa. Nyumbani tayari yupo paka mwingine mwenye watoto wanne. Mtaalamu wa mifugo anamtazama mgeni huyo: fizi zimepauka, tezi za shingo zimevimba, kidonda cha mguu hakiponi. Anasema anashuku leukemia, yaani kansa ya damu ya paka. Jirani mmoja anashauri paka atiwe kwenye gunia akatupwe ng'ambo ya reli. Mwingine anasema watoto wataambukizwa kansa. Mtoto analia. Je, wazazi wafanye nini?

UGONJWA HUU NI NINI?

Leukemia ya paka huletwa na kirusi. Mtaalamu William Jarrett na wenzake walikitambua mwaka 1964 huko Glasgow, Uskoti, baada ya paka kadhaa wa nyumba moja kupata kansa. Jambo hilo liliwafanya watambue kwamba kuna kitu kinachopita kutoka kwa paka mmoja hadi mwingine.

Kirusi hiki huingia katika uboho wa mifupa, mahali ambapo damu hutengenezwa. Paka wengine hupungukiwa damu. Wengine kinga yao ya mwili hudhoofika, hata ugonjwa mdogo ukawaua. Wengine ndio wanaopata kansa yenyewe. Wapo pia, hasa paka wakubwa wenye nguvu, ambao miili yao hukidhibiti kirusi wasiugue.

Hakuna dawa ya kukiondoa kirusi mwilini. Paka walioshikwa nacho moja kwa moja, wengi hufa katika muda wa miaka mitatu hivi. Lakini katika muda huo wapo wanaokula vizuri, wanaocheza na kukamata panya kama kawaida. Kwa hiyo kuwa na kirusi si sababu ya kuuawa siku hiyo hiyo.

KINASAFIRIJE?

Sisi watu wa Tabora tunajua jinsi magonjwa yanavyosafiri. Katika karne ya 19 misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika hapa. Ilileta vitambaa na shanga, na mara nyingine ilileta ndui pia. Ugonjwa ulitembea kwa miguu ya wapagazi. Vivyo hivyo, kirusi hiki hutembea kwa miguu ya paka.

Kinapatikana zaidi katika mate. Huambukizwa paka wanapolambana, wanapokula bakuli moja kila siku, au wanapoumana. Mama pia huwaambukiza watoto wake tumboni au anapowanyonyesha na kuwalamba. Paka wachanga ndio walio katika hatari kubwa kuliko wote. Nje ya mwili kirusi hakidumu: hufa katika saa chache tu, na maji ya sabuni hukimaliza.

Basi katika mfano wetu, walio hatarini ni yule paka wa nyumbani na watoto wake wanne.

JE, BINADAMU ANAAMBUKIZWA?

Hapana. Tangu kirusi hiki kitambuliwe hadi leo haijathibitika kwamba kimemletea mtu ugonjwa wowote. Mbwa, mbuzi na kuku wenu nao hawana hofu. Wengine wamesikia habari za "ukimwi wa paka". Hicho ni kirusi kingine, kilichotambuliwa California, Marekani, mwaka 1986, na ndugu yake ameonekana katika simba wa Serengeti. Nacho pia hakimwambukizi binadamu.

Hata hivyo tuwe waangalifu. Paka ambaye kinga yake imedhoofika anaweza kubeba mambo mengine yanayotufikia sisi, kama vile choa, minyoo na vijidudu vya toksoplasma. Mama mjamzito na mtu mwenye kinga dhaifu wasizoe kinyesi cha paka. Mtu mwingine akizoe kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma huhitaji siku moja au zaidi kabla havijawa na nguvu ya kuambukiza. Kisha anawe mikono kwa sabuni.

Hatari kubwa kuliko zote ni kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hukipata. Paka wa kuokotwa anayetokwa na mate, anayeyumba au anayeshambulia bila sababu asiguswe kabisa. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende hospitali siku ile ile kwa ajili ya chanjo. Asisubiri dalili, kwa maana dalili zikishaanza ni vigumu sana kumwokoa mtu.

TUSIHUKUMU KWA MACHO

Kukonda na kupauka fizi kunaweza kuletwa na minyoo, viroboto au njaa tu. Na paka aliyenona anaweza kuwa na kirusi. Kipimo cha damu ndicho kinachosema kweli, na mara nyingi hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Ulizeni kwa daktari wa mifugo, au katika kituo cha Tabora cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, kama kipimo kinapatikana au sampuli inaweza kupelekwa mahali pengine. Ulizeni pia juu ya chanjo. Ipo tangu mwaka 1985, lakini huwakinga paka wazima tu. Haimponyi aliyekwisha kuambukizwa.

Ikiwa kipimo hakipatikani, mhesabuni mgeni kuwa ameambukizwa. Akae chumba chake, na bakuli lake, mbali na paka wengine.

NYUMBA INAYOMFAA

Nyumba inayomfaa paka huyu ni ile isiyo na paka mwingine. Ndiyo habari njema, maana nyumba za namna hiyo zipo. Yupo bibi anayeishi peke yake na magunia mawili ya mahindi na panya wasiohesabika. Ipo familia ambayo paka wao amekufa.

Anayempokea azingatie haya:

1. Paka akae ndani, hasa usiku, asipigane na paka wa mtaani.
2. Ahasiwe au afungwe kizazi akiwa na nguvu za kutosha. Hatatangatanga wala kuzaa watoto wagonjwa.
3. Achanjwe kichaa cha mbwa na apewe dawa ya minyoo.
4. Ale chakula kilichopikwa, kama dagaa au utumbo uliochemshwa vizuri. Nyama mbichi ina vijidudu.
5. Sumu ya panya isitumike nyumbani humo, kwani paka akila panya aliyekula sumu naye hudhurika.
6. Akipata homa au kidonda aonwe na mtaalamu mapema. Asipewe kamwe Panadol: kidonge kimoja tu kinaweza kumwua paka.

SEMENI UKWELI

Tunalisisitiza jambo hili. Msimpe mtu paka huyu na kusema "ni mzima, amekonda tu". Anayempokea aambiwe ugonjwa wake, aambiwe kwamba huenda hataishi miaka mingi, na aambiwe asilete paka mwingine. Mkificha, bibi yule ataongeza paka mchanga ili wawe wawili, na mwaka ujao atawazika wote wawili.

Wala msimtupe sokoni au porini. Kumtupa ni kuupeleka ugonjwa kwa paka wa watu wengine na hata kwa kimburu wa msituni. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kuwatendea wanyama ukatili. Kumfunga paka katika gunia ni ukatili.

Siku ikifika ambapo hali tena, anahema kwa shida na anateseka, daktari wa mifugo anaweza kumpa sindano afe bila maumivu. Watoto waambiwe kweli, wasidanganywe kwamba paka amekimbia.

Na yule mtoto wa mfano wetu? Mpelekeni pamoja na paka wake kwa bibi. Ajifunze kumwambia bibi ukweli kwa kinywa chake mwenyewe, kisha awe anakwenda kumsaidia kuosha bakuli. Huenda ikawa miaka mitatu, huenda ikawa miezi mitatu. Muda wowote utakaokuwa, paka atakuwa na mahali pa kulala, wale watoto wanne watakuwa salama, na mahindi ya bibi hayataliwa na panya.