Je, Wajua? Mtungi Hupoza Maji Bila Umeme
Mwezi Machi, kaskazi ikielekea ukingoni na masika bado hayajaanza, joto la pwani ya Afrika Mashariki huwa kali. Hapo maji ya mtungi huwa matamu kweli. Udongo uliofinyangwa na kuchomwa una vitundu vidogo mno: maji hupenya, mtungi hutoka jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Gramu 1 ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto la kutosha kupoza gramu zaidi ya 50 kwa nyuzi 10 za Selsiasi.

Weka mtungi kivulini penye upepo, wala usiupake rangi. Vitundu vikiziba, maji hayapoi. Wengine huufukiza ubani kwanza, maji yanukie. Kisha teka kwa kata ya kifuu, unywe taratibu.