Sarafu Hufanya Nini Ndani ya Gramafoni? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia pale sindano inapofuata mfereji wa santuri na kukitikisa kiwambo mpaka sauti ikatoka. Leo tuifungue gramafoni ya kutumbukiza sarafu.

Msomaji wa Katoro au Nyarugusu aanzie kwenye meza ya pool. Unaweka sarafu, unasukuma chuma, mipira inashuka. Sarafu haikusukuma chochote; imeondoa kizuizi tu, nguvu ni ya mkono wako.

Katika gramafoni, nguvu ni ya kamani: utepe mrefu wa chuma uliokunjwa ndani ya kopo lake, ambao mwenye mashine huujaza kwa kuzungusha hendeli. Kamani iliyojaa inataka kujikunjua. Inayoizuia ni breki. Sarafu inaangukia ncha ya wenzo mwepesi, uzito wake unaushusha, breki inaachia, sahani inazunguka. Lakini kamani huvuta kwa nguvu ikiwa imejaa na kwa unyonge ikikaribia kwisha. Kwa hiyo pana kidhibiti mwendo, ambacho kwangu ndicho kipande chenye akili kuliko vyote: vizito vidogo vilivyofungwa kwenye springi bapa. Mwendo ukizidi, vizito hutanuka na kuvuta kisahani kikasugua ngozi, mwendo ukapungua. Santuri ikiisha, mkono wa sindano hugusa kifyatuo, sarafu humwagika sandukuni, breki hurudi.

Mashine ya kwanza ya biashara hii haikuwa na kamani. Louis Glass aliiweka katika baa ya Palais Royale, San Francisco, tarehe 23 Novemba 1889. Ilikuwa fonografu ya Edison ya mche wa nta, ikiendeshwa kwa betri, yenye mipira minne ya kusikilizia, kila mpira na tundu lake la sarafu. Aliyelipa alisikia wimbo wake.

Walaghai walitumbukiza vipande vya chuma, mafundi wakajibu kwa sumaku. Katika Tanganyika ya enzi ya Waingereza, senti 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati kama washa ya bolti, hivyo umbo peke yake lisingetosha kumfichua mlaghai. Sumaku hunasa washa ya chuma na kuiachia shaba ipite.

Wiki ijayo: santuri za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928.