Walitutumia picha za theluji, wakatuficha walivyoanguka

Picha yenyewe unaijua. Msee amesimama kwenye theluji, miwani mikubwa usoni, mikono juu kama aliyefunga bao la ushindi. Nyuma yake mlima mweupe. Chini ameandika "Mungu ni mwema". Laiki zinaingia mia kwa mia, na huko Kilungu mamake ameifanya picha ya wasifu kwenye WhatsApp.

Kile picha haisemi ni kwamba dakika moja kabla, huyo msee alikuwa amelala kifudifudi, skii moja mguuni, nyingine iko mita kumi juu yake, na mtoto wa miaka minne anapita kando akimwangalia kwa huruma.

Disemba iliyopita niliketi Wote na watatu waliokuwa nyumbani kwa likizo. Dada wa Mwingi ni au pair Ujerumani, upande wa Bavaria: analea watoto wa familia moja huku akijifunza lugha. Jamaa wa hapa hapa Wote anafanya kazi jikoni kwenye hoteli ya milimani huko Tirol, Austria. Wa tatu ni binti wa Emali anayesomea uuguzi, pia Austria. Hawakutaka majina yao yaandikwe, na ukisoma hadi mwisho utajua ni kwa nini. Nilidhani tutaongea visa na mishahara. Tukaongea kuanguka, saa tatu nzima, mpaka mbuzi akapoa mezani.

Jamaa wa jikoni alianza na lifti. Wewe unawaza lifti ya jengo, ile ya kubonyeza namba. Sahau. Kule lifti ni waya mrefu unaopanda mlima ukizunguka bila kukoma, umening'iniza viti. Kiti kinakuja nyuma yako, kinakupiga magotini, unakaa, kinakubeba. Vile vya kisasa hupunguza mwendo kikifika kituoni, lakini havisimami. Ukichelewa, imekula kwako.

"Ni kama kudandia matatu inayotembea," akasema, "isipokuwa umefungwa mbao mbili ndefu miguuni na hakuna makanga wa kukushika mkono."

Hiyo ya viti aliiweza siku ya pili. Iliyomdhalilisha ni ile ya kuburuta. Hii haikubebi. Ni fimbo yenye umbo la T iliyogeuzwa juu chini, inashuka kutoka kwenye waya, unaiweka nyuma ya makalio, inakusukuma huku skii zako zikiteleza juu ya theluji. Sheria ni moja tu: usikae. Kila mgeni hukaa. Mwili ukihisi kitu nyuma ya makalio unadhani ni kiti, basi. Jamaa alikaa. Kamba ikarefuka, akashuka nayo taratibu mpaka chini kama mzee anayeketi kwenye kigoda, kisha akaburutwa. Mzungu waliyekuwa wakishiriki naye fimbo akaanguka juu yake. Wawili waliofuata wakawapanda. Mwenye lifti akatoka kibandani akipiga kelele kwa Kijerumani cha milimani ambacho hata walimu wa lugha Nairobi hawafundishi.

"Siku hiyo nilianguka mara saba, na sita kati ya hizo nilikuwa napanda, bado sijaanza kushuka."

Dada wa Mwingi alicheka mpaka akashika meza. Yeye walimu wake walikuwa watoto anaowalea, mmoja miaka sita, mwingine minne. Kule watoto huanza wakiwa wadogo hivyo, na hufundishwa kwa lugha ya chakula. Ukitaka kupunguza mwendo unaleta ncha za mbele za skii karibu na kutanua nyuma, umbo la kipande cha pizza. Ukitaka kwenda unaziweka sambamba kama chipsi mbili. Basi mtu mzima, msichana aliyemaliza Fomu Foo na kupita, anashuka mlima huku katoto kanamfuata nyuma kakipiga mayowe: "Pizza! Pizza! Pizza!"

Akasahau pizza. Akaenda chipsi moja kwa moja mpaka kwenye wavu wa rangi ya chungwa unaowekwa pembeni mwa mteremko. Wavu, alituambia, una harufu ya plastiki mpya. Hilo ndilo analolikumbuka.

Nilimuuliza mbona alirudi tena baada ya hapo, maana si mchezo wa bure. Posho ya au pair Ujerumani ni kama euro 280 kwa mwezi. Tiketi ya siku moja kwenye vituo vikubwa vya Austria hupita euro 60, karibu Sh9,000 za kwetu. Hapo hujakodi buti, skii na helmeti. Akanyamaza kidogo, kisha akasema utotoni Mwingi walikuwa wakiteleza mwambani. Unakata mtungi wa plastiki, unakalia kipande, unashuka mwamba mpaka suruali inatoboka, halafu unachapwa kwa ajili ya suruali. "Hii ni ile ile, tu hakuna wa kunichapa."

Sasa, kuna watu watasema theluji na Ukambani wapi na wapi. Hapo nitabisha. Hii sehemu imekuwa ikitazama theluji tangu zamani. Tarehe 3 Disemba 1849, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, mgeni wa Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Kivoi hakuhitaji kuonyeshwa, alishaujua. Jina la nchi hii inasemekana limetoka kwenye jina la Kikamba la mlima huo, Kiinyaa, ambalo wengi hulihusisha na mbuni dume: mweusi kwa mweupe, kama mwamba na barafu. Mwaka uliotangulia Johannes Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro. Wasomi wa Ulaya walipopata habari kuwa kuna theluji karibu na ikweta, wengine waliwacheka na kusema hao wawili wameona vibaya. Walikataa wakiwa wameketi London.

Upande wa Makueni, simama Emali asubuhi wakati hewa imesafika baada ya mvua, uangalie kusini. Kilimanjaro ule pale, na kofia yake. Kofia yenyewe inaisha lakini. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo 1912 imekwenda, na UNESCO ilisema 2022 kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya inatarajiwa kutoweka kufikia 2050. Aliyezaliwa Emali leo huenda akiwa na umri wa mamangu asiwe na kitu cheupe cha kuangalia.

Na kuanguka mbele ya watu wote kulishafanywa na Mkenya kabla ya hawa watatu. Philip Boit, mkimbiaji kutoka Eldoret, mpwa wa Mike Boit aliyeshinda shaba ya mita 800 Munich 1972, alipelekwa Finland 1996 na kampuni ya Nike kujifunza skii za mbio ndefu. Zile hazina lifti, unapanda kwa mapafu yako mwenyewe. Miaka miwili baadaye alikuwa Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Mbio za kilomita 10. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alitumia dakika 27 na sekunde 24. Boit akaingia kwa dakika 47 na sekunde 25, nambari 92, wa mwisho.

Dæhlie alikuwa bado amesimama kwenye mstari. Alimsubiri dakika 20 nzima kwenye baridi, akamkumbatia. Boit alipopata mtoto wa kiume akampa jina Dæhlie. Halafu akarudi Olimpiki ya 2002 na ya 2006. Hilo la kurudi ndilo linalonivutia mimi, kuliko hata kukumbatiwa. Mara ya kwanza ulimwengu unakuonea huruma, unapigiwa makofi. Mara ya tatu hakuna kamera, na bado ukaenda.

Wa milimani hasa, wa lifti na miteremko, ni Sabrina Simader. Alizaliwa Kilifi 1998, akahamia Austria akiwa mtoto wa miaka mitatu, baba wa kambo akamfunza. Pyeongchang 2018 alibeba bendera yetu akiwa mwanamichezo pekee wa Kenya kwenye mashindano hayo, mwanamke wa kwanza wa Kenya kufika Olimpiki ya baridi. Dada wa Mwingi ana picha yake kwenye simu. Binti wa Emali hakuwa amewahi kumsikia, na alipoonyeshwa aliishika ile simu muda mrefu.

Yeye alikuwa amekaa kimya jioni yote, mguu wa kulia umenyooshwa chini ya meza. Stori yake ni ya mwanzo wa msimu.

Mwanzo wa msimu, kwa wapenzi wa skii, ni kama wiki ya kwanza ya ligi. Mbio za Kombe la Dunia hufunguliwa Sölden, Austria, mwishoni mwa Oktoba, juu kabisa kwenye barafu ya kudumu. Chini kule bado nyasi. Ikifika Novemba vituo vinawasha mashine za kutengeneza theluji: maji yanarushwa hewani usiku wa baridi kali, yanaganda kabla hayajatua. Unapata ukanda mmoja mweupe, kando zote mbili kahawia. Yeye alisema ni kama mtu ameanika shuka moja refu kwenye vilima vya Mbooni wakati wa kiangazi. Lifti moja tu imefunguliwa, watu wote wako kwenye huo ukanda, theluji ya mashine ni ngumu, mawe yanachungulia, na miguu haijapanda ngazi tangu Aprili. Kila mtu anajua ni hatari, na kila mtu anaenda, kwa sababu wamesubiri miezi saba.

Alikuwa ameazima skii za rafiki yake. Hapa uwe makini, kama una mpango wa kwenda. Buti hushikwa kwenye skii na kufuli yenye springi, na kufuli hiyo inatakiwa ifunguke yenyewe ukianguka, mguu ubaki salama. Lakini springi hukazwa kulingana na uzito wako, urefu, umri na uzoefu. Rafiki alikuwa mzito kuliko yeye na anateleza vizuri, kwa hivyo kufuli ilikuwa imekazwa. Dukani wangeirekebisha kwa dakika tano. Akaanguka akienda polepole, kwenye mteremko wa rangi ya samawati, ule wa wanaoanza. Mwili ukazunguka, skii ikagoma kutoka. Goti likalia.

"Unajua nilifikiria nini nikiwa nimelala pale?" alituuliza. "Si maumivu. Nilifikiria, nyumbani nitasema nini?"

Walinzi wa mlima walimshusha kwa sleji, amefungwa kama mzigo wa mbogamboga. Alibahatika haikuhitajika helikopta, kwa sababu bima ya kawaida ya afya kule mara nyingi hailipi helikopta ya ajali ya michezo, na bili yake ni maelfu ya euro. Wenyeji hujiunga na Alpenverein, chama cha wapanda milima, ambacho ada yake ya mwaka inakuja na bima ya uokoaji. Amejiunga sasa.

Nyumbani alisema ameteleza kwenye ngazi za hospitali. Uwongo huo ukakaa mwaka mzima. Nilimuuliza tatizo liko wapi, kuanguka ni kuanguka, ngazi au mlima. Akaniangalia kama mtu asiyejua nchi anayoishi. Kijiji kilichanga tiketi ya ndege. Kulikuwa na harambee, kuna watu waliuza mbuzi. Ukianguka kazini, unaombewa. Ukianguka ukicheza, umekula mbuzi wa watu. Nikanyamaza, kwa kuwa mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili najua mkutano wa familia unavyokaa mtu anapotaka kueleza kuwa kilichotokea kimetokea.

Mamake alijua wiki hiyo hiyo ya Disemba. Binti alikuwa akishuka kwenye basi pale Emali, mama akaona anavyotanguliza mguu mmoja, akamwambia ngazi haziharibu goti namna hiyo. Wakaingia ndani. Akaambiwa yote, hadi sleji.

Mama alikaa. Kisha akasema, na binti alitusimulia kwa sauti yake kabisa: "Ile nyeupe nimeiangalia kutoka hapa mlangoni tangu nizaliwe, sikuwahi kufikiria kuikanyaga. Wewe umeikanyaga, nayo ikakukanyaga."

Halafu akataka kujua kama atarudi.

Binti hakumjibu. Buti mpya, zake mwenyewe, za kulipia pole pole, alikuwa ameziacha chini ya kitanda kule Austria.