Taa za LED za kujitengenezea zapunguza gharama za kufuga matumbawe

MFUGAJI wa kuku akisahau kupeleka chakula bandani, kuku watampigia kelele. Anayefuga matumbawe ndani ya tangi la kioo hana bahati hiyo. Mifugo yake haina sauti, na chakula chake kikubwa ni mwanga.

Ndani ya mwili wa tumbawe huishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa huliachia tumbawe.

Mwanga ukiwa hafifu, tumbawe hudhoofika. Ukizidi ghafla, hutema mwani huo, hubaki jeupe na lisipopata nafuu hufa kwa njaa. Weupe wa namna hiyo ulionekana katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1998, ingawa wakati ule chanzo kilikuwa joto la bahari.

Kwa miaka mingi wafugaji wa matumbawe walitegemea taa za metali halaidi, ambazo hula umeme mwingi na kupasha maji joto. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1993, pale Shuji Nakamura wa Japani alipofanikiwa kutengeneza LED yenye mwanga mkali wa buluu. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2014, pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano.

Rangi hiyo ndiyo inayohitajika, kwa sababu maji ya bahari humeza mwanga mwekundu mapema na kuuacha wa buluu ufike chini zaidi.

Hesabu kwanza

Chukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60. Taa mbili za halaidi za wati 250 kila moja, zikiwaka saa 9 kwa siku, hutumia yuniti 4.5 za umeme.

Tangi hilo hilo linaweza kuangazwa na LED 48 za wati 3, nusu za buluu na nusu nyeupe. Zikiendeshwa kwa miliampea 700, pamoja na umeme unaopotea njiani, hutumia takriban wati 130, yaani chini ya yuniti 1.2 kwa siku. Kwa mwezi mfugaji huokoa karibu yuniti 100.

Jinsi ya kuziunga

LED haitaki kupewa volti ovyo. Volti zikiongezeka kidogo tu, mkondo hupanda sana na taa huungua. Kwa hiyo huhitajika kidhibiti mkondo, ambacho mafundi hukiita draiva. Mfano mmoja ni Mean Well LDD-700H, kinachotoa miliampea 700 bila kubadilika.

Kila LED huchukua takriban volti 3.3. Zikiungwa 12 kwa mfululizo, jumla ni volti 39.6. Kifaa cha kutoa umeme wa volti 48 kinatosha, kwa kuwa draiva huhitaji kubakiwa na takriban volti 3 za ziada. Fundi akiweka LED 14, jumla hufika volti 46.2, na taa hazitapata mkondo wake kamili.

LED 48 hugawanywa katika mistari minne, kila mstari na draiva yake: miwili ya buluu na miwili nyeupe. Kifaa cha umeme kiwe cha wati 150 au zaidi, ili kisifanye kazi kwa kikomo chake.

LED hubandikwa juu ya bapa la alumini lenye mapezi, kwa krimu ya kupitisha joto, na feni ndogo huwekwa kupuliza mgongoni. Zikipozwa vizuri, LED bora hukadiriwa kudumu saa 50,000, ambazo kwa saa 9 za kila siku ni zaidi ya miaka 15.

Kabla ya kuwasha, kila kiungo kipimwe kwa multimita kuhakikisha hakuna waya uliogusana na alumini. Mstari wa LED usiunganishwe wala kuchomolewa wakati draiva ina umeme. Kosa hilo la sekunde moja huua taa za fedha nyingi.

Kupunguza na kuongeza mwanga

Draiva hiyo hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima LED kati ya mara 100 na 1,000 kwa sekunde, kasi ambayo jicho haliitambui. Amri hutoka kwenye kompyuta ndogo ya Arduino, iliyoungwa na saa yake. Asubuhi buluu hutangulia, nyeupe hufuata, na jioni huzimika polepole kama jua linavyotua.

Hapa ndipo wengi hupoteza mifugo. Mfugaji hufurahia taa mpya, akaziwasha kwa nguvu zote siku ya kwanza, na ndani ya siku chache matumbawe yakawa meupe. Inashauriwa kuanza na asilimia 20 hadi 30, kisha kuongeza kidogo kila wiki huku rangi ikichunguzwa. Rangi ikianza kupauka, mwanga urudishwe chini. Haraka haraka haina baraka.

Maji ya chumvi na umeme

Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na matone yake yanayoruka huacha chumvi kwenye viungo vya waya yakikauka. Kifaa cha volti 48 kikae mbali na juu ya usawa wa maji, alumini iungwe na waya wa ardhi, na saketi iwe na kikata umeme kinachozima umeme unapovuja. Taa nazo zifungwe imara, zisitegemee kamba.

Suala la sheria nalo lisisahaulike. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo kuyavusha mipaka kunahitaji kibali. Anayetaka kuanza aende kwanza ofisi ya uvuvi iliyo karibu naye, asivunje mwamba baharini.

Mwenye subira anaweza kuanza na mstari mmoja wa LED 12 juu ya tangi dogo, akajifunza kwa gharama ndogo, kisha akapanua.