Krisanthemumu: kabla ya kupanda, hesabu usiku

Mwekezaji mdogo akisikia habari za kilimo cha maua hufikiria waridi, ndege ya mizigo na mnada wa Aalsmeer, Uholanzi. Krisanthemumu, ua lenye undugu na pareto, lina hesabu zake, na anayezipuuza anaweza kupoteza mtaji kwa msimu mmoja tu.

Hesabu ya kwanza ni uzito. Shina la sentimita 70 pamoja na majani yake ni zito, na nauli ya ndege hutozwa kwa kilo. Isitoshe, Uholanzi hulima ua hili mwaka mzima ndani ya nyumba za vioo. Ndiyo maana mashamba ya Uganda, Kenya na Arusha yamejikita zaidi katika kuuza Ulaya vipandikizi, yaani vichipukizi vifupi ambavyo sanduku moja hubeba kwa wingi.

Biashara hiyo inahitaji mtaji mkubwa. Aina nyingi za kisasa zinalindwa na haki za wagunduzi wa mbegu; Kenya ilijiunga na umoja wa kimataifa wa haki hizo, UPOV, mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2015. Kuzalisha vipandikizi vya aina hizo kwa ajili ya kuuza bila leseni ni kujitafutia kesi. Kwa mwenye eneo dogo, soko la karibu ni la harusi, misiba, hoteli na maua ya vyungu kwa bustani. Ua hili lina sifa moja inayopendwa na wauzaji: likitunzwa vizuri hudumu ndani ya maji wiki mbili hivi.

Taa na giza

Krisanthemumu huchanua usiku unapokuwa mrefu. Uholanzi, ambako mchana wa Juni huzidi saa 16, wakulima hufunika mimea kwa mapazia meusi ili ipate giza. Kwetu mambo ni kinyume. Mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, hivyo mmea huwahi kutoa vitumba ukiwa bado mfupi, na shina fupi halina bei.

Dawa yake ni kuwasha taa katikati ya usiku, kwa mfano kuanzia saa 4 hadi saa 8, ili kulikata giza vipande viwili. Mmea huendelea kurefuka. Taa zikizimwa moja kwa moja, maua huwa tayari baada ya wiki 7 hadi 10, kutegemea aina.

Chukua mfano wa mkulima anayelenga kuvuna Desemba 12 kwa soko la Krismasi, kwa aina ya wiki 9. Atazima taa Oktoba 10. Akitaka wiki 3 za kurefusha shina, atapanda miche yenye mizizi Septemba 19, na vipandikizi viwe kitaluni wiki mbili kabla ya hapo. Akichelewa wiki mbili, maua yake yatafika sokoni sikukuu imepita.

Umeme ukikatika usiku kadhaa mfululizo katika wiki zile za taa, ratiba yote huvurugika. Kwa hiyo gharama ya jenereta au betri iingizwe kwenye hesabu za mtaji tangu mwanzo.

Hatari nyingine ni kutu nyeupe, ugonjwa wa ukungu unaopenda unyevunyevu. Huonekana kama madoa ya njano juu ya jani na vipele vyeupe chini yake. Baadhi ya nchi, ikiwamo Marekani, huzuia mimea yenye ugonjwa huo. Mwagilia chini, si juu ya majani, na nunua miche kwa mzalishaji anayekaguliwa.

Ushauri wetu kwa anayeanza: tafuta kwanza mnunuzi na tarehe yake, kisha hesabu wiki kurudi nyuma. Ukikuta siku ya kupanda imeshapita, subiri msimu unaofuata.